Mimea ya Kando ya Bwawa la Bustani

Ukingo wa bwawa haulowi sawasawa pande zote, na uchaguzi wa mimea huanzia hapo. Bwawa lililochimbwa ardhini bila kujengewa huvujisha maji taratibu, ukingo ukabaki tope hata kiangazi. Lililojengwa kwa saruji au kutandikwa nailoni halivujishi. Hatua moja tu kutoka majini, udongo huweza kuwa mkavu kama wa shambani. Kipimo rahisi ni kuchimba shimo la sentimita 30 jioni na kulitazama asubuhi. Maji yakiwa yametuama ndani yake, hapo ni mahali pa mimea ya kinamasi.

Kinachoua mimea mingine hapo ni kukosa hewa. Mizizi hupumua, na maji yakijaa katika nafasi zote za udongo, oksijeni haiifikii, nayo huoza. Mpapai huanza kunyauka baada ya siku chache tu, na mparachichi haupo mbali nao. Mimea ya kinamasi imejaliwa njia nyingine. Bua la funjo au kikonyo cha gimbi kikikatwa, ndani huonekana vitundu vingi kama vya sifongo. Humo ndimo hewa inamopita kushuka hadi mizizini.

Kwa bustani ya nyumbani, magimbi, ambayo Kenya huitwa nduma, yanastahili kufikiriwa kwanza. Majani yake mapana hupamba ukingo, na viazi vyake ni chakula. Hustawi zaidi pale maji yanapopita polepole kuliko yanapotuama. Lazima yapikwe yaive vizuri, kwani mabichi huwasha koo.

Mafunjo ni mazuri mno, lakini hufikia mita 4 na zaidi, na matunguu yake hutambaa chini ya tope mpaka bwawa dogo likafunikwa lote. Anayeyapenda ayapande ndani ya ndoo iliyozikwa, au achague ndugu yake mfupi mwenye majani yaliyochanua kileleni mithili ya mwavuli, asiyezidi sana mita 1. Juu kidogo ya ukingo, penye unyevu usiotuama, mmea uitwao kana hutoa maua mekundu na ya manjano karibu mwaka mzima. Bua lililomaliza kuchanua likikatwa chini, machipukizi mapya hushika nafasi yake.

Gugu maji lisikaribishwe kamwe, hata kama ua lake la zambarau linavutia. Lilitoka Amerika Kusini, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba za Ziwa Victoria, mitumbwi ikashindwa kupita. Mvua kubwa ikifurisha bwawa, vipande vyake huchukuliwa hadi mtoni.

Miche ipandwe mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, ili ishike kabla ya masika. Samadi na mbolea ya chumvichumvi ziwekwe mbali na ukingo: mvua huzisombea majini, mwani ukastawi na bwawa likageuka kijani.