Ganzi ya Uti wa Mgongo na Usalama wa Mama Mzazi

Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mama huyo alinyweshwa pombe ya ndizi ili kupunguza maumivu. Kwa maandishi ya Felkin ya mwaka 1884, mama na mtoto walinusurika.

Siku hizi kazi ya pombe ile hufanywa na ganzi ya uti wa mgongo, njia iliyoanzishwa na August Bier wa Ujerumani mwaka 1898. Kwa sindano moja, mama hasikii uchungu wa kisu, ingawa yu macho na aweza kusikia mwanawe akilia.

Hata hivyo, dawa hiyo haibagui. Huizima mishipa ya fahamu iletayo maumivu, na pia ile inayoibana mishipa ya damu. Ndipo mishipa ya damu hulegea, damu hutuama miguuni, na shinikizo la damu hushuka ghafula. Mama akilala chali, mji wa mimba nao hugandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mama hupatwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoto hupungukiwa hewa safi, kwani huipata kwa damu ya mamaye tu.

Hatari hii yajulikana mapema, basi haina budi kuzuiwa mapema. Mama huinamishwa kidogo upande wa kushoto. Maji huingizwa mshipani upesi wakati ganzi inaposhika. Dawa ya kubana mishipa, hasa fenilefrini, huanza kutolewa mara baada ya sindano, bila kungoja shinikizo lishuke. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri kwamba shinikizo lidumishwe kwenye asilimia 90 au zaidi ya kiwango cha awali.

Ndugu askari, nawe una wajibu. Mpeleke mkeo kliniki mapema, ili kiwango chake cha kawaida kijulikane na upasuaji, ukihitajika, usifanywe kwa pupa. Mweleze kwamba akiwa mezani, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu, aseme papo hapo. Kunyamaza si ushujaa: mlinzi amwonaye adui huwaamsha wenziwe.