Gari Kuukuu na Mnunuzi Aliye Njiani

Lilikuwa limebaki juma moja tu mnunuzi aje kulitazama gari letu, nalo bado lilikuwa likichemka. Tunasema gari letu kwa kuwa katika nyumba ya watu saba hakuna awezaye kudai kuwa ni lake peke yake. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A, na kwa miaka mingi limewapeleka watoto madrasa, jamaa mazikoni, mama yetu kliniki, na sisi sote Tanga kila Idi tuliyojaaliwa kwenda. Gari la umri huo ni kama mzee wa nyumbani: yapo maradhi yake yanayojulikana na kila mtu, na yapo mengine ambayo hayasemwi mbele ya wageni.

Maradhi ya kuchemka yalijidhihirisha katika foleni ya Mbagala, siku tuliyokuwa tukimrudisha mama kutoka kliniki. Mshale wa joto ulipanda hadi jirani na herufi H, mvuke ukatoka chini ya boneti, nasi tukalazimika kuegesha kando na kumtafutia mama kivuli chini ya mwembe wa watu tusiowajua, Allah awalipe. Kijana mmoja mwenye nia njema alinyoosha mkono akifungue kifuniko cha rejeta. Tulimkamata mkono kwa nguvu hata akakasirika. Lakini maji ya rejeta iliyofungwa yamo katika mgandamizo, na ndiyo sababu yanaweza kuvuka nyuzi joto 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa mgandamizo huondoka kwa mkupuo, na maji hayo humrukia usoni yule aliyeinama. Injini iliyopata joto huzimwa, ikangojewa nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la rejeta liweze kushikwa kwa kiganja. Hakuna haraka ya safari inayolingana na macho ya mtu.

Gereji ya kwanza tuliyokwenda ililitazama gari kwa muda usiozidi dakika tano, ikatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi ifunguliwe ikasawazishwe, na gharama ni Sh. 650,000. Gereji ya pili ilisema hayo hayo kwa bei ya chini kidogo, ikatufahamisha pia kwamba themostati ilikwisha kutolewa zamani na fundi mwingine, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haina haja nayo. Tulirudi nyumbani tukiwa na rai mbili zinazofanana na bila ushahidi hata mmoja.

Jioni ile ile mnunuzi akapiga simu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, baba wa watoto watatu, na fedha zake amezikusanya kidogo kidogo. Shemeji yetu aliyekuwapo barazani alitoa ushauri ambao, kusema kweli, ulitamanisha. "Mjazeni maji, mwiteni asubuhi na mapema, aliendeshe barabara ikiwa tupu. Likichemka mwezi ujao, si gari kuukuu? Nani atashangaa?" Na kwa ile taa ya injini iliyokuwa ikiwaka katika dashibodi kwa miaka miwili, alisema inatosha kuchomoa balbu yake.

Kila aliyehudhuria darsa la milango ya biashara anakifahamu kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu ambao juu hauonekani, na muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mvua ilikuwa ya kweli. Kilichokemewa ni kuuweka unyevu chini na ukavu juu. Wanazuoni wa fiqhi wakampa mnunuzi haki ya kukirejesha kitu akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya mauzo. Siku hizi watu hudhani kwamba neno "nauza kama lilivyo" linakata kila deni. Kwa anayeijua kasoro na akaificha, hatuoni namna neno hilo litakavyomwokoa.

Tatizo letu lilikuwa jingine: kasoro yenyewe hatukuijua. Kumwambia mwalimu kwamba gasketi imeungua, ilhali haijaungua, ni kujidhulumu sisi na kumtia hofu yeye. Kunyamaza ni kumdhulumu. Basi tukaamua kwamba siku ya Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, tutaitafuta wenyewe. Kijana wetu wa kidato cha pili akapewa daftari na kalamu, kazi yake kuandika kila tulichokiona, wala si kila tulichokidhani.

La kwanza aliloliandika halikuhitaji hata spana. Gari huchemka wapi? Huchemka katika foleni. Likipata barabara na kukimbia, mshale hushuka. Hilo pekee lina maana kubwa, kwa sababu gari linapokwenda kasi upepo wa njia huipoza rejeta. Linaposimama, kazi hiyo yote hubaki kwa feni. Gari linalochemka mlimani au katika mwendo mkali hutufanya tuishuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au hiyo gasketi. Linalochemka likiwa limesimama hutuambia tuanze na feni. Mafundi wote wawili hawakutuuliza swali hili.

Hata hivyo hatukutaka kuipuuza rai yao. Tulifungua kifuniko injini ikiwa baridi, tukajaza maji, tukawasha, tukakodolea macho mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unaopenya penye gasketi. Yetu yalikoma. Tukachomoa kijiti cha oili na kufungua mfuniko wa oili: hapakuwa na ule utando kama maziwa unaoonyesha kwamba maji na oili vimekutana. Injini ilipopata joto, hapakuwa na moshi mweupe wa kudumu nyuma. Ishara tatu hizi si yamini, lakini zilitosha kutuzuia tusifungue hedi kwa dhana.

Kifuniko cha rejeta ndicho kilichotoa kasoro ya kwanza ya yakini. Mpira wake ulikuwa umepasuka pasuka kama kisigino cha mkulima. Kifuniko cha namna hiyo hakiwezi kuushika mgandamizo, hivyo maji huchemka mapema na kumwagika kupitia kopo la akiba. Kipya, chenye alama ile ile ya 0.9 iliyokuwa juu ya cha zamani, kilitugharimu Sh. 15,000.

Kisha feni. Tuliiacha injini inguruma uani mpaka mshale ukaanza kuvuka katikati, na feni haikutikisika. Katika Corolla za kizazi hiki, swichi ya joto inayoiamuru feni imefanywa kwa hekima: plagi yake ikichomolewa huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni hupaswa kuzunguka, ili waya ukikatika gari lisiungue. Tukazima, tukachomoa, tukageuza ufunguo. Kimya. Kwa hiyo swichi si mwenye kosa, au si peke yake. Tukaitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Tukabadilisha rilei ya feni na nyingine ya aina ile ile iliyomo katika kisanduku hicho hicho, bado kimya. Mwisho tukachomoa plagi ya mota yenyewe na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili zenye fyuzi. Mota ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Kijana alipoisukuma bapa kwa ufito, mkono ukiwa mbali, ikazunguka kwa uvivu mizunguko michache, kisha ikasita. Kaboni zake zilikuwa zimekwisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa gasketi ya Sh. 650,000.

Tulikwenda Gerezani, Kariakoo, tukatafuta mota iliyotumika kutoka Japani, na hatukulipa mpaka muuzaji alipoiunga kwenye betri dukani mbele yetu ikazunguka kwa dakika kadhaa bila kupata joto la kutisha. Sh. 45,000. Kuifunga ni kazi ya saa moja kwa asiye mzoefu: waya hasi wa betri hutolewa kwanza, bolti za fremu ya feni hufunguliwa, feni na fremu yake hunyanyuliwa pamoja, polepole, kwa kuwa mapezi ya rejeta hutobolewa na pigo dogo. Tahadhari moja zaidi. Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, madamu ufunguo umewashwa. Kanzu, mtandio na ncha za mikono mirefu havina nafasi hapo.

Kuhusu themostati tuna la kusema kidogo, kwa kuwa kuitoa kumekuwa desturi karibu kila mtaa. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Bila hiyo injini hukaa baridi kupita kiasi mwendoni, kompyuta ya gari hudhani ndiyo kwanza imeamka, ikaendelea kuinywesha petroli. Joto la Dar es Salaam ni la nyuzi thelathini na kitu. Injini inataka themanini na ushei. Tulinunua mpya yenye alama ya 82, tukaijaribu kabla ya kuifunga kwa kuining'iniza katika sufuria ya maji jikoni, na vali yake ikaanza kufunguka kabla maji hayajachemka, kama ipasavyo. Mama watoto aliizuia sufuria ile isirudi tena katika kupikia, nasi hatukubishana naye. Na kwa maji yenyewe, tuliacha kutumia ya kisima, ambayo katika mitaa mingi ya pwani yana chumvi na huila rejeta kwa ndani, tukatia kulanti. Wazazi wajue kwamba kulanti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu. Haimiminwi katika chupa ya soda wala kuachwa bakulini uani, penye watoto na paka.

Ikabaki taa ya dashibodi. Wengi huamini kwamba ni lazima ipelekwe kwenye mashine. Gari la Kijapani la miaka ile lina kikasha kidogo cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, na chini ya mfuniko wake imechorwa ramani ya matundu. Yakiunganishwa matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ufunguo ukageuzwa bila kuwasha injini, taa huanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Yetu ilikonyeza mara mbili, ikatua, ikakonyeza mara mbili tena: 22. Namba hiyo katika Toyota hizi ni ya sensa ya joto la maji inayoipa habari kompyuta, ambayo si ile inayousogeza mshale wala si ile swichi ya feni. Anayekosea tundu aweza kuunguza kitu cha ghali, basi ramani isomwe mara mbili. Tulifuata waya wa sensa hiyo tukaukuta umekatika ndani ya ngozi yake, sentimita chache kutoka kwenye plagi, pengine siku themostati ilipotolewa. Tuliuchomelea kwa risasi, tukaufunga vizuri, tukachomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kosa lifutike. Taa ilizimika, balbu ikiwa mahali pake. Harufu ya petroli mbichi ya kila asubuhi nayo ikaondoka.

Breki hatukuzigusa. Pedi tunajua kuzitazama, lakini breki za gari litakalobeba watoto wa mtu mwingine si mahali pa kujifunzia, na jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Tulizipeleka kwa fundi wa tatu, mzee mpole wa Temeke, ambaye alibadilisha mafuta ya breki, akatuonyesha pedi zilizobaki, na akatuambia wazi kwamba hazihitaji kubadilishwa bado. Tunamtaja kwa wema hapa ili ndugu msomaji asidhani tunawalaumu mafundi wote.

Mwalimu tulimwomba aje saa kumi na moja jioni, wakati wa foleni, si asubuhi. Alikuja na baba yake, dereva wa malori aliyestaafu. Tukaamkiana, tukawapa chai, kisha tukamkabidhi mwalimu karatasi iliyochanwa kutoka katika daftari la kijana: kasoro kumi na moja, tulizozitengeneza na tusizozitengeneza, pamoja na maneno ya gereji zile mbili na sababu za kutoyakubali. Tukalipeleka gari moja kwa moja Mbagala, tukasimama katikati ya foleni kwa dakika arobaini. Mshale ulipanda hadi katikati, feni ikavuma, mshale ukatulia. Mzee hakusema neno. Aliinamisha sikio kuelekea kwenye boneti kila feni ilipoanza na kila iliponyamaza.

Tuliporudi aliisoma karatasi upya, mstari kwa mstari, akalizunguka gari mara moja, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto na kujaribu kuteremsha kioo. Hakikushuka.

"Na hili mbona hamkuliandika?"

Tukatazamana. Watoto, waliokaa upande ule miaka yote, walikuwa wakilijua. Sisi hatukuwahi kuwauliza. Kijana akaandika namba kumi na mbili, nasi tukapunguza Sh. 50,000.