POMBE YA SIRI NA MWILI WA MCHIMBAJI



Mara nyingi tunakukumbusha juu ya kofia, viatu na baruti. Leo tuseme juu ya chupa. Na ili tuelewe vizuri, twende kwanza Johannesburg, mji uliozaliwa na migodi kama miji yetu, tuone namna wachimbaji walivyouziwa pombe wakati wa ukoloni.

Kulewesha kwanza, kukataza baadaye

Dhahabu ilionekana Johannesburg mwaka 1886. Muda si mrefu vilabu vya pombe vikazunguka migodi. Mwanzoni wenye migodi wengi hawakuchukia jambo hilo. Mtu aliyekunywa mshahara wake hakuweza kurudi kwao na akiba mfukoni, alibaki kazini. Na kinywaji chenyewe? Wauzaji wengine walichukua spiriti ya bei ndogo, wakaongeza maji, pilipili, hata asidi, ili kichome koo na kionekane kikali.

Lakini mwaka 1895 wenye migodi walipiga hesabu: kila siku watu 15 mpaka 25 katika 100 hawakufaa kwa kazi kwa sababu ya ulevi. Hasara ilipowafikia wao wenyewe, ndipo walipodai sheria. Kuanzia mwaka 1897 ilikatazwa kumuuzia mtu mweusi kileo. Mzungu akaendelea kunywa. Basi sheria ile haikupima hatari ya kinywaji. Ilitazama rangi ya mnywaji.

Mama muuza pombe

Je, watu waliacha kunywa? Hapana. Pombe ilihamia uani. Waliopika na kuuza walikuwa hasa wanawake, kwa sababu mshahara wa mume haukutosha kulipa chumba na kulisha watoto. Nyumba zao za pombe ziliitwa shebeen. Mwaka 1933 na 1934 mtaalamu Ellen Hellmann alichunguza maisha ya ua mmoja wa Johannesburg ulioitwa Rooiyard. Aliona namna akina mama walivyofukia madebe ya pombe ardhini ili polisi wasiyaone. Mama aliyekamatwa alilipa faini au alifungwa, na pombe yake ikamwagwa.

Sasa sikiliza vizuri. Pombe ya mtama, ile ya wazee, ilihitaji siku kadhaa kuiva. Kilevi chake kilikuwa kidogo, na ilikuwa na chakula ndani yake. Lakini polisi wanapoweza kuingia wakati wowote, nani atathubutu kuweka pombe siku nyingi? Ndiyo maana skokiaan ilienea: chachu, sukari na maji ya vuguvugu, na kwa muda wa siku moja iko tayari. Wengine waliongeza nguvu kwa kutia kabidi, ile ile iliyowasha taa za wachimbaji. Mnywaji naye alikunywa upesi upesi kwa hofu ya kukamatwa. Katazo lile liliondolewa mwaka 1962 tu. Kwa miaka hiyo yote lilikuwa limefundisha watu kupika upesi, kuficha na kumeza bila kipimo.

Na kwetu Kongo

Hata hapa, chini ya Wabelgiji, mtu mweusi alikatazwa pombe kali kwa miaka mingi. Bia aliruhusiwa, na mabaa ya Léopoldville yalijulikana sana: orkesta ya OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956, ilipata jina lake katika OK Bar. Lakini pombe kali ilipikwa kwa siri, katika mapipa na mifereji ya chuma. Lutuku unaifahamu. Hakuna anayepima nguvu yake, wala anayejua pipa lile lilibeba nini kabla. Pombe ya namna hiyo ikichanganywa na spiriti ya kiwandani inaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua.

Hesabu ya mwili

Labda utasema: «Mimi siguse lutuku, nakunywa bia tu.» Vema, tupige hesabu. Chupa kubwa ya sentilita 72 ina karibu gramu 29 za kilevi. Mwili unaondoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja inahitaji saa 3 au 4, na chupa 4 zinahitaji saa 12 mpaka 16. Ukianza siku ya Mungu saa 12 za jioni, Jumatatu saa 12 za asubuhi, unaposhuka mgodini, huenda kilevi bado kimo katika damu. Kahawa, maji baridi na jasho haviharakishi hata kidogo. Unajiona mzima, lakini jicho linachelewa, na mkono unachelewa. Jiwe halichelewi.

Basi shika haya:

Kabla ya kunywa, hesabu saa zilizobaki mpaka zamu yako.

Kula kwanza, kunywa polepole, na usilipie mwenzako chupa asiyoitaka.

Mwenzako akifika na kilevi, usimfiche. Mpeleke kwa kapita kabla hajagusa mashine. Kosa siku moja ya mshahara ni afadhali kuliko jeneza.

Mama, ukiuza pombe, mnyime anayeingia kazini usiku huo. Yeye ni mteja wako, lakini pia ni baba wa watoto.

Mtu aliyekunywa pombe ya siri akilalamika kwamba haoni vizuri, anatapika au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kuche. Akiwa amelala na haamki, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na itisha msaada.