Neno "Vijidudu" na Maji ya Vifaranga wa Kambare

Kandokando ya Ziwa Viktoria, pande za Mwanza, kambare hutotoleshwa, wengine wafugwe mabwawani, wengine wawe chambo cha sangara. Kifaranga wa kambare humaliza kiini cha yai alichozaliwa nacho kwa siku tatu hivi. Ndipo ahitajipo chakula hai, yaani wanyama wadogo mno wa majini, kama rotifa, ambao kwa kawaida urefu wao haufiki nusu milimita. Hao nao hula bakteria, na kuwabeba hata tumboni mwa kifaranga.

Bakteria hao tuwaiteje? Wengi husema vijidudu. Umbo la neno halina kasoro: mdudu, kidudu, kijidudu, udogo juu ya udogo. Kasoro i katika mazoea. Twasema "dawa ya kuua vijidudu". Sijapata kusikia ya kuwalisha. Basi mfugaji akiambiwa maji yake yana vijidudu, atatia dawa. Dawa haichagui, huua hata wale wanaoigeuza amonia, iliyo sumu kwa samaki, hatimaye ikawa naitreti. Kisha, katika maji yenye mabaki ya chakula na yasiyo na wenyeji, hutangulia kuongezeka wazaao upesi, na huenda miongoni mwao wakawamo Aeromonas, waletao maradhi. Asubuhi vifaranga wanaelea.

Kwa hiyo napendelea bakteria, neno geni lakini lisilo na uadui. Na wote pamoja waitwe jamii, wala si kundi, kwa kuwa huishi kwa kutegemeana. Vijidudu liachiwe zahanati.