Sindbad Gizani

Wanangu, bibi akisema Paukwa nanyi mkaitika Pakawa, mara nyingi huwa ni usiku na taa imepunguzwa. Giza husaidia. Macho yakikosa cha kutazama, masikio huamka, na zimwi la hadithini husogea karibu na mkeka. Wajenzi wa bustani za burudani nao wanaijua siri hiyo. Disneyland ilipofunguliwa California, Marekani, mwaka 1955, miongoni mwa michezo yake ya mwanzo kulikuwa na nyumba za giza ambamo mtoto aliketi ndani ya kigari, akapitishwa katikati ya hadithi ya Peter Pan au ya Snow White.

Nyumba ninayotaka kuwapeleka leo haiko huko. Iko Japani, katika mji wa Urayasu kando ya Ghuba ya Tokyo, ndani ya bustani ya Tokyo DisneySea iliyofunguliwa Septemba 2001. Sehemu moja ya bustani hiyo imejengwa kwa sura ya miji ya Uarabuni, na humo ndimo zilimo mashua za Sindbad Baharia. Nimeichagua kwa sababu Sindbad si mgeni wetu. Bahari aliyosafiri ndiyo hii hii inayopiga Lamu, Mombasa na Unguja.

Haya, pandeni. Mikono ibaki ndani. Mtaona mashua haina nahodha wala tanga, na hakuna anayepiga kasia. Inaelea kwenye mfereji mwembamba, na maji yanayotiririka humo huibeba polepole kama kundi la samaki wavivu. Kingo za mfereji huizuia isiende kombo. Safari nzima huchukua dakika kama kumi hivi, na hakuna mporomoko wa kukurusha roho, kwa hiyo hata mdogo wako anayeogopa bembea anaweza kukaa nawe.

Sindbad anaaga mji wake. Ni kijana mchangamfu, na pembeni yake yupo mtoto wa chui milia aitwaye Chandu, kilemba kichwani. Kona moja, na mji umetoweka. Mnafika kisiwa cha Rukh, ndege mkubwa mno, ambako majambazi wamekuja kuiba mayai na Sindbad anawazuia. Kona nyingine, jitu. Mbele zaidi nyani wanapiga muziki, kisha anatokea nyangumi, kisha nyumbani. Maneno ni ya Kijapani, lakini hutahitaji mkalimani. Mwizi wa mayai anajulikana kwa jinsi anavyonyata.

Sasa tazameni kona zile. Mjenzi hakuzipinda kwa urembo. Kona ndiyo inayofunga ukurasa: usipoona kilicho mbele, huwezi kujua kwamba nyani wako hatua chache tu kutoka kwa jitu. Dari limeachwa jeusi ili lisionekane, na taa zinamulika uso na mikono ya sanamu, si nyaya wala vyuma. Sanamu zenyewe zina mitambo tumboni, na kompyuta huiambia kila moja lini igeuze shingo, lini ifumbue mdomo. Halafu kuna wimbo. Ni mmoja tu, wa Alan Menken, yule yule aliyetunga muziki wa filamu ya Aladdin ya mwaka 1992, nao unakufuata kutoka chumba hadi chumba huku waimbaji wakibadilika. Ukitoka nje bado unao mdomoni. Wengine huulalamikia kwa sababu hiyo hiyo!

Lakini Sindbad huyu hakuanza hivi. Bustani ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na vyumba vyake vilitisha zaidi. Mwaka 2007 wenye bustani wakaifanya upya safari yote: Sindbad akanyolewa ndevu, Chandu akaletwa, wimbo ukaongezwa, na hatari zikapozwa. Jitu likawa rafiki.

Hapo ndipo mimi msimulizi ninapokohoa kidogo. Katika Alfu Lela Ulela, kitabu chenye hadithi ya Sindbad, kwenye safari ya tatu, jitu lile si rafiki wa mtu. Linawapapasa mabaharia mmoja mmoja kama mnunuzi wa mbuzi, linamchagua nahodha kwa unono wake, linambanika motoni na kumla. Sindbad na wenzake wanajiokoa kwa kulitoboa macho na vyuma vya moto. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikumjua yeyote. Na mayai ya Rukh? Katika safari ya tano, wanaolivunja yai ni wasafiri wa chombo cha Sindbad mwenyewe. Wanamla kinda, wazazi wake wanarudi na mawe makubwa, na jahazi linapondwa baharini. Mashua ya Tokyo imewahamishia majambazi kosa hilo. Mimi nalipenda zimwi la kitabuni, ingawa simlaumu aliyelituliza, kwani mtoto wa miaka mitatu akishaingia kwenye mashua ile hana pa kushukia. Kitabu unaweza kukifunga.

Rukh ana habari nyingine inayotuhusu. Msafiri Marco Polo, katika karne ya 13, alisimulia kwamba ndege wa namna hiyo yuko pande za Madagaska, na kwamba anaweza kunyanyua tembo. Tembo hapana. Lakini Madagaska kweli palikuwa na ndege wakubwa ajabu ambao wataalamu huwaita Aepyornis. Walikuwa na kimo cha mita 3 hivi, hawakuweza kuruka, na walitoweka karne nyingi zilizopita. Mayai yao yamepatikana, mengine yakiwa na urefu wa zaidi ya sentimita 30. Yai moja lingejazwa mayai ya kuku zaidi ya 100. Yai la Rukh hadithini lina mzunguko wa hatua 50, hata Sindbad akadhani ni kuba. Huenda baharia fulani aliona yai la Madagaska, akalibeba mdomoni hadi bandari ya Basra, nalo likanenepa njiani.

Na Sindbad mwenyewe? Kitabu kinasema aliishi Baghdad na kupanda chombo Basra. Waomani husema ni mtu wa Sohar, mji wao wa pwani. Mwaka 1980 Tim Severin, msafiri na mwandishi, alitaka kujua kama safari zile zingewezekana. Akaunda jahazi huko Sur, Oman, mbao zake zikishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, akaliita Sohar, na mwaka 1981 likafika Uchina. Wazee wa Lamu wasingelishangaa jahazi lile, maana mitepe, vyombo vyetu vya kale, ilishonwa hivyo hivyo. Sohar sasa limepumzishwa kwenye mzunguko wa barabara mjini Muscat, na apitaye huliona.

Kwa hiyo mashua ya Urayasu ni nzuri, na nikiulizwa nitasema ipandeni. Ila Sindbad wa humo amefupishwa na kutulizwa. Kabla hujamwona yeye, mtafute yule wa kitabuni. Nenda maktaba ya shule, omba hadithi ya Sindbad Baharia, na anza na safari ya pili, anapoachwa peke yake kisiwani na kuliona yai la Rukh kwa mara ya kwanza. Soma usiku ikiwezekana, na zimwi la safari ya tatu umwachie mtu mzima akusomee.