Umbo na Dhima katika Uhifadhi wa Makanisa ya Kisasa: Mfano wa Kanisa la St. Agnes, Berlin

1.0 Utangulizi

Kanisa linapokosa waumini, uhifadhi hukabiliwa na swali moja: kinachostahili kulindwa ni umbo la jengo au dhima yake? Makala haya yanafafanua suala hilo kwa kurejelea Kanisa la St. Agnes lililopo Kreuzberg, jijini Berlin, Ujerumani.

2.0 Historia ya Jengo

Kanisa hili lilijengwa kati ya mwaka 1964 na 1967. Msanifu wake, Werner Düttmann, alikuwa pia mkurugenzi wa ujenzi wa serikali ya Berlin Magharibi hadi mwaka 1966. Mtaa huo ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1961 Ukuta wa Berlin ulipita jirani. Kanisa, mnara na majengo mengine ya parokia yalipangwa kuzunguka ua, katikati ya nyumba mpya za makazi. Kuta zake ni za kijivu, zenye lipu ya kukwaruza na zisizo na mapambo. Uzuri wa ndani ulitokana na mwanga uliopenya kutoka juu, kandokando ya paa, na kuteremka kwenye kuta hizo.

3.0 Mabadiliko ya Matumizi

Miaka ya 2000 ilipoanza, Jimbo Kuu la Berlin lilikumbwa na uhaba mkubwa wa fedha na parokia zikaunganishwa. Kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu, kwa sababu nzito, kuliondolea kanisa hadhi ya ibada na kuliweka katika matumizi ya kawaida, ili mradi yasiwe ya aibu. St. Agnes ilitumiwa kwa muda na waumini wa Kiprotestanti. Baadaye ilikodishwa kwa muda mrefu kwa jumba la sanaa la König, lililofungua milango yake humo mwaka 2015.

4.0 Uchambuzi

Msanifu Arno Brandlhuber aliingiza ukumbini sakafu ya zege inayobebwa na nguzo, mfano wa meza. Maonyesho makuu hufanyika juu yake, huku sehemu ya chini ikipewa shughuli nyingine. Kwa njia hiyo, kuta na mwanga vilisalimika. Hata hivyo, kimo kiligawanyika: muumini aliyesimama chini ya ukumbi mzima aliuona urefu wake wote, ilhali mgeni wa leo hupanda ngazi na kuukuta umepungua.

5.0 Hitimisho

Mfano huu unaonesha kuwa umbo na dhima havitenganishwi kikamilifu. Jengo limeokolewa lisibomolewe, lakini kile ambacho kimo chake kilimfanyia mtu aliyesali humo hakikuhifadhiwa. Kwa hiyo, tathmini ya uhifadhi haina budi kuzingatia, pamoja na kuta zilizobaki, namna mtu anavyolipitia jengo, na iwapo majirani waliojengewa bado wana sababu ya kuingia.