Kulala Nangani

Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga (1895–1898), aliwahi kuwa na mlinzi wa ajabu. Alipotia nanga katika Mlango wa Bahari wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika, alimwaga misumari midogo ya mazulia juu ya sitaha, akaingia chumbani kulala. Wageni waliopanda usiku miguu mitupu waliikanyaga, wakapiga mayowe na kutimua mbio. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, na huenda aliitia chumvi. Lakini swali lake ni la kila asafiriye peke yake: nikilala, nani akeshe?

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kinachomkosesha usingizi baharia wa namna hiyo mara nyingi ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kina cha maji Mombasa na Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 ndani ya saa sita na ushei.

Tuseme mtu anatoka Kilwa kuelekea kaskazini, kusi likimsukuma, na mashua yake yahitaji maji ya mita 1.5 ili ielee. Husafiri mchana, kituo kwa kituo, maana usiku kuna nyavu, miamba na ngalawa zisizo na taa. Tena hupenda kufika mapema. Milango mingi ya pwani hii hutazama mashariki. Anayeingia alasiri hupigwa na jua la usoni, asione chochote. Asubuhi jua huwa mgongoni: mwamba huonekana kahawia, mchanga kijani hafifu, kilindi buluu iliyokolea.

Akishapata mahali, huielekeza omo kwenye upepo, hushusha tanga, kisha huenda mbele. Hasubiri msaidizi. Chombo kikianza kurudi nyuma ndipo huishusha nanga, akiachia mnyororo kidogo kidogo ulale chini kwa urefu, usirundikane.

Hapo ndipo hesabu inapowaponza wengi. Amekuta maji mita 3 yakiwa yamepwa, akatoa mnyororo mara tano ya kina hicho: mita 15. Saa sita baadaye kina ni mita 7, na mnyororo uleule sasa ni mara mbili tu. Nanga hushika kwa sababu huvutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Alihitaji mita 35 au zaidi. Na aliyefika maji yakiwa yamejaa, akapima mita 6, akumbuke kwamba saa sita baadaye zitabaki 2, yaani nusu mita tu chini ya mashua yake.

Simu za siku hizi zina programu ya kupiga kengele chombo kinapohama. Nzuri, ila upepo wa bara ukivuma usiku mashua hugeuka, na kengele humwamsha mtu bure. Kwa hiyo wazoefu huchagua pia taa mbili za nchi kavu zinazopangana, moja nyuma ya nyingine, na kuzichungulia kila wanapoamka. Zikiachana na zikaendelea kuachana, kwanza huongeza mnyororo. Kung'oa nanga na kuanza upya gizani huachwa kuwa hatua ya mwisho.